Vidole Viwili Vilivyojikunja

Wahariri wanaipenda sana habari ya mtu aliyerudi. Bondia aliyetundika glovu akapanda tena ulingoni, mwimbaji aliyepotea miaka kumi akaonekana jukwaani, mshambuliaji aliyevunjika mguu akafunga bao mechi yake ya kwanza. Nimekaa chumba cha habari miaka kumi na moja sasa na sijaona habari ya namna hiyo ikinyimwa nafasi. Mpangilio wake kila mtu anaujua: alikuwa juu, akaanguka, akateseka, akarudi. Msomaji anapata machozi kidogo, anapata furaha kidogo, halafu anafungua ukurasa wa michezo.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma My Nine Lives, tawasifu ya mpiga piano wa Kimarekani Leon Fleisher aliyoiandika pamoja na Anne Midgette, wakati huo mhakiki wa muziki wa Washington Post, nilidhani najua ninachokwenda kukutana nacho. Kitabu kilitoka 2010. Kabla yake, mwaka 2006, Nathaniel Kahn alikuwa ameshatengeneza filamu fupi juu ya mzee huyo, Two Hands, ikateuliwa kuwania Oscar. Nilikuwa nimeiona. Mtoto mwenye kipaji cha ajabu, mkono wa kulia unamgomea katikati ya safari, miaka thelathini baadaye anapiga tena kwa mikono miwili. Nikasema basi, kitabu kitakuwa filamu ile ile iliyoongezwa maji.

Sivyo. Kurasa bora za kitabu hiki zinagombana na hadithi ile ile inayokiuza, na ugomvi huo ndio ulionifanya nikisome mara mbili.

Tuanze na mkono kabla haujaharibika. Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928, wazazi wake Wayahudi wahamiaji, baba fundi wa kofia. Mama alimpa mtoto njia mbili: awe rais wa kwanza Myahudi wa Marekani, au mpiga piano mkubwa. Urais ulionekana mgumu kidogo. Akiwa na miaka tisa walitaka afundishwe na Artur Schnabel, ambaye hakuwa anapokea watoto, kwa hiyo ilifanyika njama: Schnabel alialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa watu, na wakati anakula, kijana akapitishwa kimya kimya akawekwa kwenye piano. Milango ilipofunguliwa mzee hakuwa na pa kukimbilia. Sasa, Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, Czerny na Beethoven mwenyewe. Watu wa madrasa na wa tarika wanaielewa hesabu hii bila kuelezwa. Ni silsila. Mtoto wa fundi kofia amepokea mkono kwa mkono kutoka kwa Beethoven, watu watatu tu katikati yao.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 16, alipiga na New York Philharmonic chini ya Pierre Monteux. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la Malkia Elisabeth kule Brussels. Kisha zikaja rekodi za Beethoven na Brahms alizofanya na George Szell na okestra ya Cleveland, ambazo hadi leo wapenzi wa muziki huo wanazitumia kupimia rekodi za wengine.

Mwaka 1964 vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha pete na cha mwisho, vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Alikuwa na miaka 36, ambayo ni karibu sawa na umri wangu, na naitaja kwa makusudi. Hakuna mfupa uliovunjika. Naye akafanya kile ambacho mwanafunzi yeyote mwenye nidhamu angefanya: alipoona mkono unamsaliti, akazidisha mazoezi. Ndani ya miezi vidole vilikuwa havinyooki tena. Okestra ya Cleveland ilikuwa inajiandaa na ziara ya Urusi ya Kisovieti ya mwaka 1965. Ikaenda bila yeye.

Ilichukua karibu miongo mitatu ugonjwa huo kupata jina: distonia. Hitilafu iko kwenye ubongo, wala si kwenye kidole. Unaamuru kidole kinyooke, chenyewe kinajikunja. Huwapata zaidi watu waliorudia tendo moja dogo mara nyingi mno, kwa hiyo mazoezi yale ya ziada huenda ndiyo yaliyokuwa yanamwagia petroli motoni. Lakini mwaka 1964 nani angemwambia? Alidungwa sindano, akalazwa kwa kupumbazwa akili, akaongea na wataalamu wa saikolojia, akajaribu tiba za Mashariki na za Magharibi. Kila mwenye dawa alisikilizwa. Msomaji wa huku kwetu atatabasamu hapa, maana orodha hiyo na ile ambayo shangazi zetu wangetuandalia zinatofautiana majina tu.

Miaka hiyo ya giza haipiti haraka kitabuni, na hilo nalisifu. Alifuga ndevu, akaachia nywele hadi akazifunga nyuma, akanunua Vespa, ndoa ikavunjika, na akafikiria kujiua. Wanamuziki wengi wakiandika maisha yao kipindi kama hiki hukipa aya mbili na kumshukuru Mungu. Fleisher anakaa nacho. Anakubali kuonekana mtu asiyependeza, anayejihurumia, na wakati mwingine anayechekesha bila kukusudia. Mtu mzima juu ya Vespa ana hatari hiyo.

Hapa inabidi niseme nilikisoma kitabu hiki katika hali gani, ili msomaji apime maneno yangu. Nilikisoma kwenye simu, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi karibu na kiwiko, baada ya bodaboda niliyopanda kuteleza kwenye mchanga na mimi kutua na kiganja juu ya vipande vya chupa. Kano za kidole cha kati na cha pete zilikatika. Zilishonwa vizuri, sina malalamiko. Miezi miwili baadaye vidole vilikuwa hai, vina joto, vina rangi, ila ukiviambia nendeni vinajadiliana kwanza.

Mimi si Fleisher. Ni mwandishi wa habari ninayepiga gitaa jioni na kwenye sherehe za marafiki tangu siku za chuo, na hakuna mtu aliyedai arudishiwe fedha ya tiketi. Watu walinifariji: bora hukuumia kichwa, bora kuandika unaandika. Kweli tupu, na nilishukuru. Kuandika kwa vidole vichache kunawezekana kabisa. Nusu ya chumba chetu cha habari wanaandika kwa viwili na magazeti yanatoka. Lakini gitaa lilikaa nyuma ya mlango miezi minane, na kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa siwezi kusikia la mtu mwingine. Solo ikianza redioni nazima. Kwenye sherehe bendi ikipanda, mimi natoka nje kupokea simu ambayo haijapigwa.

Kwa hiyo nilipofika kwenye sura ambazo Fleisher yuko darasani Baltimore, katika chuo cha muziki cha Peabody, nilikuwa nasoma kama mgonjwa anayetafuta dawa. Dawa haikuwepo. Kilichokuwepo nakiona bora kuliko yote kitabuni.

Kabla ya kuumwa, alikuwa mwalimu wa aina tunayoijua. Mwanafunzi akikosea, anamsogeza kwenye kiti, anakaa yeye, anapiga: hivi. Sasa mkono wa kusema "hivi" haukuwepo. Ikabidi atafute maneno. Aeleze kwa lugha kitu ambacho maisha yake yote alikuwa anakijibu kwa vidole, na mwanafunzi, ambaye hana cha kuiga, ikabidi asikilize. Ndani ya kitabu, katikati ya sura za maisha, kuna sura fupi za darasa, kila moja imeshika kipande kimoja cha muziki. Nimesikia watu wakisema wanaziruka. Wasiziruke! Hapo ndipo mtu anaona mpiga piano akigeuka kuwa mwandishi kwa kulazimika. Anachosisitiza tena na tena, na ni urithi wa Schnabel, ni kwamba sauti lazima isikike kichwani kabla kidole hakijagusa kitu. Uisikie kwanza, uitake, halafu uiendee. Amesemwa hivyo na walimu wengi, lakini huyu ni mtu aliyenyang'anywa kidole akabaki na kile kinachotangulia kidole.

Aliongoza okestra pia. Mwaka 1967 alishiriki kuanzisha kundi la Theater Chamber Players mjini Washington, akaongoza okestra ya Annapolis, akawa msaidizi katika ile ya Baltimore. Polepole akagundua kwamba kilichomfunga na muziki hakikuwa piano ya mikono miwili. Kauli hiyo ukiitoa kitabuni ukaiweka peke yake inafaa kuchapwa kwenye kalenda ya benki. Mahali ilipo imelipiwa, kwa sababu tumeshaona Vespa.

Halafu tunafika 1982, na hii ndiyo sura ambayo ningependa kila mwandishi wa habari za sanaa aisome.

Mwaka 1981 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Kukawa na nafuu. Baltimore ilikuwa inajenga ukumbi mpya wa okestra, Meyerhoff, na uzinduzi wake ulipangwa Septemba 1982. Nani apige siku hiyo? Unaona jinsi habari inavyojipanga kabla ya mtu kupanga. Fleisher angepiga kwa mikono miwili, mbele ya umati na kamera za televisheni, kipande cha nne cha Beethoven cha piano na okestra. Siku zilivyokaribia akaona mkono hautoshi, akabadilisha, akachukua kazi ya César Franck ambayo ni fupi zaidi na inausamehe zaidi mkono wa kulia. Usiku ukafika. Akapiga. Ukumbi ukasimama. Magazeti yakaandika kwamba amerudi.

Yeye alijua hajarudi. Wakati watu wanapiga makofi alikuwa anajua ni noti zipi zimeponea chupuchupu, na vidole gani vimefanya kazi ya vingine. Baada ya hapo akarudi kimya kimya kwenye mkono wa kushoto.

Hakuna aliyedanganya usiku ule. Wasikilizaji walifurahi kweli, waandishi waliandika walichokiona. Ila walikuwa wanaishangilia habari, na muziki ulikuwa umealikwa tu kwenye sherehe ya habari hiyo. Ninavyokisoma kitabu, ule ndio usiku wenye furaha ndogo kuliko usiku wowote aliopiga tangu aanze kutoka gizani. Furaha ya kupiga alikuwa ameshaipata kwingine, kwa mkono mmoja, kwenye kumbi ambazo hakuna aliyepeleka kamera. Alikuwa anapiga kazi ya Ravel ya mkono wa kushoto, iliyotungwa kwa ujanja kiasi kwamba ukifumba macho unahesabu mikono miwili, na alikuwa anaipiga kama mwanamuziki mzima. Kule Baltimore alirudishwa kuwa mgonjwa anayejitahidi.

Neno linalofanya kazi hiyo katika uandishi wetu ni "licha ya". Amepiga licha ya mkono. Ameimba licha ya umri. Mwangalie Django Reinhardt: mwaka 1928 moto uliwaka ndani ya gari la nyumba alimokuwa anaishi karibu na Paris, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaharibika, na solo zote tunazozijua akazipiga kwa viwili vilivyobaki. Karibu kila anayeandika juu yake anaandika "licha ya". Lakini ile mikimbio yake juu na chini ya shingo ya gitaa, badala ya kukaa mahali pamoja na kutandaza vidole, imetokana na nini? Vidole viwili havina njia nyingine ya kusafiri. Mtindo umezaliwa humo humo kwenye upungufu, na vijana wenye vidole kumi salama wamekuwa wakihangaika kuuiga kwa miongo mingi.

Na kuna ushahidi wa karibu zaidi, usiohitaji moto wala ajali. Jirani yangu mmoja ni mzee aliyepiga gitaa kwenye bendi za dansi enzi zake. Alinikuta barazani nauangalia mkono wangu kama hati ya kesi, akauliza, nikamweleza kano na mshono na vidole viwili visivyotii. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "gumba lipo?"

"Lipo, mzee."

"Cha shahada?"

"Kipo."

"Basi Mwenda alipiga kwa hivyo hivyo. Hivyo vingine unavililia vya nini?"

Alikuwa anamsema Jean-Bosco Mwenda, yule wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga Masanga. Mwenda hakuumia mkono. Vidole vyote alikuwa navyo. Alipiga kwa gumba na cha shahada kwa sababu ndivyo walivyopiga, yeye na wengi wa kizazi chake kutoka Katanga hadi magharibi mwa Kenya: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinaongea kwenye nyembamba, na msikilizaji anaapa kuna watu wawili chumbani. Hakuna "licha ya" hapo. Ni gitaa kamili.

Nilichukua wiki tatu kupata mstari wa kwanza wa Masanga, na siupigi vizuri hata leo. Gumba langu linawahi. Vidole vitatu vingine vimekaa juu ya ubao wa gitaa kama wazee msibani, wanasikiliza tu. Lakini kuna jioni mstari ule ulizunguka mara nne bila kukatika, na nikajikuta nacheka peke yangu, kicheko cha mtoto aliyefanikiwa kuendesha baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Upigaji wangu wa zamani ulikuwa wa haraka, wa vidole vinne, wenye kujionyesha kidogo. Huo haujarudi. Sijui kama naungojea.

Sasa lawama, maana zipo. Fleisher alioa mara tatu, akapata watoto watano, na kitabu kinachosema mengi kuhusu mkono kinasema machache kuhusu watu walioishi na mwenye mkono. Anaomba radhi, ndiyo, lakini anaomba kama mtu anayevuka barabara. Wake na watoto wanaingia, wanaumia, wanatoka, na muziki unaendelea. Sura za mwisho nazo zimejaa majina makubwa na heshima za serikali, na vichekesho vyake vimepigwa pasi mno. Nashuku mkono wa Midgette hapo, ingawa ni mkono huo huo uliofanya kitabu kisomeke. Ukifika kwenye tuzo ya Kennedy Center ya 2007 unaweza kusoma kwa jicho moja.

Usizikose lakini kurasa za miaka ya 1990, ugonjwa ulipopata jina na tiba ikapatikana: sindano za Botox za kulegeza misuli inayojikunja, pamoja na kukandwa mkono kwa nguvu na kwa muda mrefu. Anasisitiza kwamba hakupona. Sindano inaisha nguvu, unadungwa tena, na distonia inakungoja pale pale. Mwaka 2004 ikatoka albamu ya Two Hands, ya kwanza kwa mikono miwili baada ya miaka kama 40. Nimeisikiliza mfululizo wiki hizi, sasa kwa kuwa naweza kusikiliza tena. Kuna Bach mfupi mfupi, na mwishoni kuna sonata ya mwisho ya Schubert. Ukiilinganisha na rekodi za ujana na Szell, kasi imepungua, na mara moja moja unasikia mtu akichagua njia ndefu ya salama kwenda kwenye noti. Kijana yule wa 1959 asingekuwa na subira ya kupiga Schubert hivi, na ukiniambia nichague, nachagua ya mzee.

Mwaka huo huo wa 2004 lilitokea jambo jingine, ambalo limezungumzwa kidogo kuliko albamu. Paul Wittgenstein, kaka yake yule mwanafalsafa Ludwig, alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia yao ilikuwa tajiri sana, akawalipa watunzi wakubwa wamwandikie kazi za mkono wa kushoto: Ravel, Prokofiev, Britten, Strauss. Alikuwa mteja mgumu. Ya Ravel aliibadilisha mpaka wakagombana. Ya Prokofiev hakuipiga kabisa. Paul Hindemith naye alimwandikia moja mwaka 1923. Wittgenstein hakuipenda, akaifungia, wala hakumpa mtu mwingine. Iliibuka 2002 kwenye nyumba ya shambani huko Pennsylvania, baada ya mjane wake kufariki.

Desemba 2004 Berlin Philharmonic waliipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, chini ya Simon Rattle, miaka 81 baada ya kutungwa. Aliyekaa kwenye piano ni Fleisher. Alikuwa na miaka 76, albamu yake ya mikono miwili iko madukani, na dunia nzima imeshaambiwa kwamba mkono wa kulia umerudi. Akaipiga kazi yote kwa kushoto.